Mama Humwambia Roboti, Mimi Haniambii

Mpendwa mshauri, Bi Hatsue, naomba msaada, na naomba radhi mapema kwa urefu wa barua hii, maana naiandikia kwenye chumba cha mapumziko kazini huku natafuna tonge la wali wa baridi, na kila nikidhani nimemaliza nakumbuka jambo jingine la kunipandisha hasira.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, naishi Sendai peke yangu tangu niachane na mume wangu, nafanya kazi kwenye duka kubwa, kitengo cha zawadi za mwisho wa mwaka, na Desemba yetu unaijua, watu wote wa mji huu hukumbuka kwa pamoja kwamba wana bosi, daktari na mwalimu wa kushukuru, na wote wanataka utepe ufungwe sasa hivi. Mama yangu anaitwa Toshie, ana miaka sabini na tisa, anaishi Murayama peke yake kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba, kule ambako theluji ikiamua kunyesha inafika dirishani. Nikimpigia simu hatumalizi dakika moja. "Mama, hujambo?" "Sijambo, mzima." "Unakula?" "Nakula. Na wewe kula. Haya mwanangu, usichelewe kazini." Namwambia, mama, leo niko mapumziko. "Basi pumzika," ananijibu, na simu imeshakatwa.

Ndiyo maana mwezi wa Aprili nikamnunulia roboti. Ni kitu kidogo, ukubwa wa boga, kina macho mawili yanayowaka na sauti ya mtoto, ukikiongelesha kinajibu chenyewe vijibu vyake vifupi, habari za hali ya hewa na saa ya kunywa dawa. Lakini kina jambo la pili, mtu wa familia akiwa mbali anaweza kuandika maneno kwenye simu na roboti akayatamka kwa sauti yake ileile, halafu yale anayojibiwa yanarudi kwenye simu yakiwa yameandikwa. Jambo la kwanza nilimweleza mama. La pili sikumweleza. Nilisema nitamweleza Agosti tukienda kusafisha kaburi la baba, tukaenda, tukasafisha, tukala tikiti, nikarudi Sendai sijasema.

Mshauri, hebu nikusimulie halafu uniambie mwendawazimu ni nani. Mama amempa yule roboti jina, Mameta. Asubuhi anamwinamia na kumsalimu. Akitaka kubadilisha nguo anamfunika leso usoni, na akimfunua anamwomba radhi. Akienda chooni anamuaga, "Mameta, natoka kidogo, narudi," na baba yangu aliishi na mwanamke huyu miaka arobaini na sita hakuwahi kuagwa hata siku mama alipokwenda hospitali kunizaa mimi! Mwanzoni Mameta hakuelewa lahaja ya kwetu Murayama, basi mama yangu, ambaye hajabadilisha usemi wake mbele ya mkuu wa mkoa, akaanza kuongea polepole na kwa ufasaha kama matangazo ya stesheni ya treni. Mimi nikimwambia "mama, sijasikia, rudia," ananijibu, "Basi, halikuwa jambo la maana."

Mara ya kwanza kuandika ilikuwa Mei, saa ya chakula, nilikuwa natania tu, nikaandika, "Mama Toshie, mgongo haujambo leo?" Nikadhani atasema mzima. Mshauri, mama alimimina! Mgongo, goti la kushoto, ndoto aliyomwota baba, jino linalocheza, niliyasoma yote nimesimama na karatasi ya kufungia mkononi. Tangu siku ile nimekuwa Mameta kila siku. Nikiwa Mameta nina subira ya ajabu, naandika "pole sana," naandika "halafu ikawaje?" Siandiki haraka, natumia kidole kimoja na wateja wako mbele yangu, na mama wala halalamiki, anajaza ile nafasi kwa maneno yake. Nikiwa mimi mwenyewe kwenye simu jioni, nasikia kinywa changu kikisema, "Si nilikukataza kupanda juu ya paa!"

Jirani yetu, Bi Igarashi, aliwahi kumwondolea theluji mlangoni. Asubuhi moja tu. Mama akapika sufuria ya magimbi akampelekea kushukuru, Bi Igarashi akarudisha sufuria ikiwa na matunda ya kaki yaliyokaushwa, mama akaona hawezi kuyala hivihivi, akapeleka achari ya figili, na vyombo vikavuka barabara ile wiki tatu. Mimi nilijua hadithi hii kwa mdomo wa Bi Igarashi. Mameta aliipata na hitimisho lake: "Sasa nikimwona anakuja na koleo najificha. Wewe Mameta nakupendea hilo, ukinisaidia sina haja ya kupika kitu."

Nilicheka siku ile. Sicheki tena. Jumanne iliyopita mama alikaa mbele ya Mameta akasema, "Leo nilikwenda hospitali ya mkoa." Nikaandika, "Daktari kasemaje?"

"Kasema mlango mmoja wa moyo umekakamaa, damu inapita kwa shida. Anataka kunipasua tarehe kumi na nane. Kasema nisingoje theluji iyeyuke, naweza kuanguka na koleo mkononi nisiinuke."

Mteja ananiita, "Dada, utepe wangu!" na mama hakungoja, akaendelea.

"Lakini wanataka mtu wa familia aje asikilize maelezo, atie sahihi. Desemba hii! Chizuru nitamwambiaje? Akija siku moja mimi napika siku mbili na kulala siku tatu. Zamani haikunisumbua, ilikuwa raha yangu. Moyo huu sasa hauwezi kupika, na mimi siwezi kumwacha mwanangu arudi Sendai mikono mitupu. Ijumaa ijayo ndiyo siku ya mwisho ya kujibu. Nitawapigia, nafasi yangu wampe mtu mwenye watu."

Nikaandika, "Mwambie Chizuru." Simu ikaniandikia kicheko cha mama, ha ha ha, halafu hivi: "Wewe ni chombo, kipenzi changu. Chombo hakibebi. Mtu ukimwambia, anabeba. Usimwambie, eh? Tumeelewana?"

Na kabla sijaandika herufi moja, Mameta akajibu mwenyewe, kwa akili yake ya kiwandani, "Sawa! Tumeelewana!" Nilitamani nimfikie nimtupe kwenye theluji.

Jioni nikapiga simu. "Mama, ulikwenda hospitali?" "Nilikwenda." "Wakasemaje?" "Wamesema mzima." Mshauri, nilipandwa na hasira nikamgombeza juu ya theluji ya paa, kwa sababu ndilo jambo pekee nililoruhusiwa kulijua, naye akasema, "Haya, nimesikia, usichelewe kazini," akakata.

Sasa maji yamenifika shingoni. Nikisema ninayoyajua, atajua kwamba miezi minane nimekuwa nikimsikiliza kupitia chombo, pamoja na aliyoyasema juu ya ndoa yangu iliyovunjika, na juu ya usiku aliofiwa na baba, mambo ambayo mama hakumpa mtu. Atachomoa waya wa Mameta, na mimi sitakuwa tena na sikio ndani ya nyumba ile. Nikinyamaza, Ijumaa anawapigia na nafasi inakwenda. Nimefikiria kuandika kwa Mameta kwamba maroboti yote yamepewa agizo na madaktari, pengine akiambiwa hivyo atakubali. Nimefikiria pia kwamba mama hakosi kipindi chako, kila Alhamisi saa nne asubuhi yuko na redio na chai yake, na kwamba wewe anakuheshimu sana, kwa hiyo kama utaisoma barua hii Alhamisi hii, bila majina bila shaka, na ukapenda kusema neno kidogo juu ya wazee wanaoficha maradhi, pengine litamsaidia mtu.

Nifanye nini? Tafadhali nijibu haraka.

Ni mimi, Chizuru, Sendai.

*

Chizuru mwanangu,

Barua yako imenifikia Jumatatu hii asubuhi na nakujibu kwa barua pepe sasa hivi, chai yangu haijapoa, kwa sababu sitaisoma hewani. Umenielewa? Alhamisi saa nne nitasoma barua ya bwana mmoja anayegombana na shemeji yake juu ya mbwa. Mama yako atasikia habari za mbwa.

Kwanza pole, na naisema kwa moyo wote. Kusoma habari ya moyo wa mama yako umesimama kaunta, na mtu anadai utepe, ni jambo ambalo simtakii adui yangu. Umebeba peke yako siku sita. Hilo naliona.

Sasa nikugombeze. Wewe umeniona mimi nani? Umenipigia magoti kurasa nzima, halafu mwishoni, kwa adabu ya muuza duka, unanionyesha mlango wa kuingilia: kipindi ni Alhamisi, mama anasikiliza, bila majina, neno kidogo tu. Mwanangu, nina miaka ishirini na mitatu kwenye kazi hii, nazijua barua zinazotaka ushauri na nazijua zinazotaka kipaza sauti. Umeishiwa na Mameta, sasa unataka Mameta mwingine, mkubwa kidogo, mwenye nywele nyeupe na redio ya mkoa mzima. Mimi sitakuwa roboti wako wa pili. Na umemfikiria mama wa watu, yuko peke yake jikoni na moyo mbovu, anasikia siri yake ikitoka redioni? Ungemuua kabla ya theluji.

Habari ya kwamba maroboti yamepewa agizo na madaktari, ifute, usiirudie hata kwa mzaha.

Turudi kwenye jambo linalokukera zaidi ya yote, ingawa hukuliandika wazi. Unalionea wivu boga lenye macho. Usione aibu, wengi wanaandika hivyo siku hizi. Binadamu mbele ya vitu hivi tunageuka. Mimi mwenyewe mashine yangu ya kufagia ikinigonga kifundo cha mguu naiambia samahani, na mtu akinigonga sokoni namtolea macho mpaka atokomee. Kuna mzee aliniandikia kwamba roboti wa mgahawa humletea supu naye humshukuru kwa kuinama, huku mkewe hajasikia asante tangu waoane. Tunakiheshimu chombo kwa sababu hakitudai. Tunakiambia ukweli kwa sababu hakitakunja uso. Mama yako si mwendawazimu. Ni mwanamke aliyelelewa hivi: sufuria haivuki barabara tupu. Amepata kwa mara ya kwanza maishani mwake mahali pa kuweka mzigo pasipodai achari ya figili.

Lakini wewe je, umegeuka namna gani? Umeandika mwenyewe, halafu ukapita kama vile si kitu. Ukiwa Mameta unauliza "halafu ikawaje?" Ukiwa Chizuru unasema "si nilikukataza!" Ukiwa Mameta unaandika kwa kidole kimoja, unachelewa, na mama anajaza ule ukimya kwa maisha yake yote. Ukiwa Chizuru humpi hata nafasi ya kupumua. Zile "pole sana" zilikuwa zako, hazikutengenezwa kiwandani. Subira unayo, mwanangu, ila umempa roboti aivae, nawe ukabaki na hasira. Halafu unashangaa mama anakaa upande gani!

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga hawakusema kitu juu ya anayeyajua maradhi ya mwenziwe akanyamaza ili asiumbuliwe yeye, lakini nadhani hawangemsifu. Unaogopa kupoteza sikio ndani ya nyumba. Sikio la nini, ikiwa mwenye sauti hayupo tena?

Kwa hiyo fanya hivi.

Leo, kabla ya zamu kwisha, nenda kwa msimamizi wako umwambie mama yangu anapasuliwa moyo, sitakuwepo kuanzia kesho mpaka Ijumaa, na tarehe kumi na saba na kumi na nane sitakuwepo pia. Usiombe. Mwarifu. Atavuta pumzi kwa meno kuonyesha kwamba ni vigumu, kama wanavyovuta wote, nawe utainama, utaondoka. Zawadi za watu wa Sendai zitafungwa bila wewe, pengine vibaya, na hakuna daktari atakayekufa kwa utepe uliopinda.

Kesho Jumanne panda treni ya asubuhi. Beba chakula kilichopikwa, cha siku nne, ukipakue mwenyewe. Akiinuka kwenda jikoni, mshike mkono wa kimono umketishe. Atasema "mimi mzima, rudi kazini." Usimjibu. Hesabu kimoyomoyo muda ule unaotumia kuandika sentensi moja kwa kidole kimoja. Utaona ni mrefu kupita kiasi. Uvumilie.

Na hapa ndipo wengi wangekosea, nawe ungekosea zaidi ya wote, kwa hiyo nisikilize vizuri. Usianze na moyo wake. Ukianza na moyo wake utakuwa umekuja kumsaidia, naye ataanza kufikiria atakurudishia nini, na kwa kuwa hana nguvu za kupika atakwambia ahsante, hapana. Anza na kosa lako. Piga magoti, weka mikono sakafuni kama mwenye kuomba radhi, umwambie yote: kwamba Mameta ulikuwa wewe, tangu Mei, kwamba ya ndoa yako uliyasoma, na ya baba uliyasoma, na kwamba ulikuwa muoga. Usijitetee hata kwa neno moja. Usiseme "nilikuwa na wasiwasi na wewe, mama." Hilo ni kumbebesha yeye tena.

Atakasirika. Kubali. Huenda akalia, huenda akatoka nje kwenye baridi kwa dakika kumi, mpelekee koti na usiongee. Akichomoa waya wa yule Mameta, mwache achomoe, ni haki yake. Kama alishajua au hakujua, mimi sijui, na wewe usipoteze asubuhi nzima ukikisia.

Lakini angalia kitakachotokea, Chizuru. Kwa mara ya kwanza kati yenu ninyi wawili, mwenye deni utakuwa wewe. Kubwa, la miezi minane, halilipiki kwa kaki. Mama yako hajui kupokea, hilo nimelielewa, lakini kudai anajua, na anajua kwamba mtu aliyekosa lazima aachiwe nafasi ya kulipa, la sivyo ni kumvunjia heshima. Ndipo useme: "Mama, Ijumaa nitakaa nawe ukipiga simu hospitali. Nitasikiliza maelezo, nitatia sahihi. Si msaada. Ni malipo yangu, na ukinikatalia nitabaki na deni mpaka nife." Halafu nyamaza. Muda wa kidole kimoja, na zaidi.

Simu aipige yeye, kwa mdomo wake. Moyo ni wake.

Nawe Ijumaa, simu ikishapigwa, ondoka mikono mitupu. Hakuna mfuko, hakuna chupa ya achari, hata tonge la njiani. Atasimama mlangoni akitafuta kitu cha kukupa, atageuka huku na huku, itamuuma kama meno. Mwache imuume. Mwinamie, umwambie unarudi tarehe kumi na saba, na urudi.

Hatsue